Kwetu ni Kawaida

Shuleni walimwita Cherehani, maana akianza kusema hakuna wa kumsimamisha. Baba yake wa kambo hakumwita kwa jina lolote. Akimtaka, alipiga mluzi.

Huyo baba wa kambo alikuwa fundi wa friji, na sebule yake ungedhani ni wodi. Friji mbovu zilipangwa ukutani, nyingine zimefunguliwa migongo, mirija ya shaba ikining'inia nje, na mipira ya milango imetundikwa kwenye misumari. Meza haikuwepo. Kompyuta aliyoazimwa na shule, Cherehani aliiweka juu ya friji moja fupi, na kila Jumamosi asubuhi alisimama hapo kuzungumza na Pacha.

Pacha alikuwa mwanafunzi wa nchi ya mbali. Programu ya kubadilishana utamaduni mtandaoni iliunganisha darasa lao na la kina Cherehani, kila mmoja akapewa mwenzake, na hawa wawili walipogundua wamezaliwa mwezi mmoja wakaanza kuitana Pacha. Usidhani ulikuwa urafiki wa kuchekeana kwenye kioo tu. Pacha alimweleza jinsi kaka yake alivyohama nyumbani na sasa hapokei simu ya mtu, akalia mpaka kamasi zikamtoka, na Cherehani akalia naye, kiganja amekibandika kwenye kioo. Hesabu zilipomshinda Cherehani, Pacha alikaa naye asubuhi nzima mpaka zikamwingia. Walijuana ndani nje. Jambo moja tu Cherehani hakulisema, yeye anayesema yote.

Programu ilikuwa na kanuni ambayo mwalimu mlezi aliirudia mpaka ikachosha masikio: usihukumu utamaduni wa mwenzako. Wa kwanza kuivunja alikuwa Cherehani mwenyewe. Pacha alisema kwao baba ndiye anayepika na mama anaendesha lori, Cherehani akaangua kicheko. "Na baba yako haoni haya?" Mwalimu alimkalisha chini akampa somo refu. Tangu hapo kanuni ile ilimkaa kichwani, na laiti isingemkaa.

Jumamosi moja, katikati ya mazungumzo, Pacha aliinuka kumfungulia paka mlango. Kioo cha Cherehani kikazimika chenyewe, kompyuta ile chakavu ilikuwa na tabia hiyo, naye akadhani mawasiliano yamekatika. Hapo baba wa kambo akaingia. Mteja alikuwa amekuja kuchukua friji yake, mama akampokea, wakacheka kidogo mlangoni. Kosa lenyewe ni hilo, hakuna lingine. Mwanamume yule akatungua mpira wa mlango wa friji, ule mrefu wenye sumaku ndani, akamchapa nao mama mgongoni, shingoni, popote ulipoangukia. Mama hakupiga kelele, alishazoea kujizuia majirani wasisikie. Cherehani alijibanza kwenye friji, macho sakafuni.

Kamera ilikuwa inafanya kazi muda wote. Pacha aliona kila kitu.

Jumatatu mwalimu mlezi alimwita ofisini. Pacha alikuwa amemwambia mwalimu wake, mwalimu wake akaandika huku, na sasa wote walitaka kumsikia Cherehani kwa kinywa chake mwenyewe, keshokutwa, Pacha akiwepo.

"Ikiwa ni kweli, mwanangu, nitakwenda polisi mwenyewe," mwalimu alisema. "Na nimeshampigia simu mzazi wako, ajue."

Mzazi yupi? Yule yule mwenye mpira. Mwalimu alikuwa mtu mwema, lakini siku ile akili alikuwa ameiacha nyumbani.

Jioni fundi hakufoka. Alikula, akanawa mikono, akasema, "Nyumba hii ni yangu. Inayembana, mlango uko wazi." Kisha akatoka.

Mama alimfuata Cherehani jikoni, ametupia kanga shingoni kuficha alama.

"Mwanangu, nakuomba."

"Mama, Pacha ameona."

"Ameona, ndiyo. Yeye ana kwao. Sisi tutalala wapi? Mjomba wako alishasema hana nafasi. Sema lolote. Wewe lini umekosa maneno?"

Siku ilipofika, ofisini, walimu wote wawili walikuwa wamekaza nyuso, mwalimu mlezi kando yake, yule wa kina Pacha kwenye kioo. Pacha alikuwa na macho mekundu. Alimpungia kidole kidogo, salamu yao ya siku zote.

"Sema tu," Pacha alimwambia. "Niko hapa."

Cherehani alifungua kinywa kwa nia ya kusema kweli. Akaliona godoro lao limetupwa kando ya barabara, mama amelikalia. Kilichotoka kikawa kingine.

"Pacha hakuelewa," alisema. "Kwetu ni kawaida. Mume akikasirika anapiga, yanakwisha, wanakula pamoja. Hata mama hakulia. Pacha ametazama kwa macho ya kwao, akatuhukumu."

Mwalimu mlezi alijua fika kwamba si kawaida. Yeye mwenyewe hajawahi kumpiga mtu nyumbani kwake. Lakini uwongo ule ulimtua mzigo wa polisi, akainamisha kichwa, akanyamaza. Mwalimu wa upande wa pili alishika kifua kwa aibu, akaomba radhi kwa niaba ya shule yake.

Pacha aliambiwa achague: aombe msamaha mbele ya madarasa yote mawili, au aondolewe kwenye programu. Ijumaa alisimama akasoma, sauti imekauka, kwamba amejifunza kutoipima familia ya mwenzake kwa kipimo cha kwao. Madarasa yakapiga makofi.

"Nimekusamehe," Cherehani alisema, kwa kuwa alitakiwa kusema hivyo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Pacha hakumwacha. Jumamosi zilipofika alikuwepo, amechana nywele vizuri, mpole kama mtu aliyekwenda ugenini. Aliuliza habari za mvua. Cherehani alijibu imenyesha, au haijanyesha. Mara kadhaa alitaka kumwambia kweli, lakini fundi alikuwa pale pale sebuleni akifanya kazi, sikio amelitega.

Ndivyo walivyokuwa siku mama alipoingia kusema kuna mteja mlangoni.

"Umezungumza naye nini?" fundi aliuliza.

"Hakuna, ameulizia friji yake tu."

Fundi akainuka. Aliiona kompyuta imewaka, na msichana yule wa mbali yumo ndani yake, wala hakujali. Wageni si walishaelezwa kwamba ni kawaida? Akanyoosha mkono kwenye msumari.

Safari hii Cherehani hakutazama sakafu. Aliishika kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu mpaka kamera ikamwelekea mama, kisha akasogea pembeni asizuie kitu. Mpira ukalia mgongoni mwa mama. Ukalia tena. Cherehani alikichungulia kioo kwa upande. Ona, Pacha. Safari hii ona, nami nitasema yote.

Pacha aliona. Mkono wake ulikwenda mdomoni. Alitazama kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu anamchunga, akainamisha macho. Kisha mkono ule ule ukaja mbele, na upande wake ukawa mweusi.

Chini ya weusi ule yakatokea maandishi.

"Samahani, Pacha. Sikutazama, naapa. Tuonane Jumamosi."