Kuku Anayecheka Ukutani

Mume wangu anachora mabango, na kazi iliyompa jina ni yule kuku wa duka la kuku wa kukaanga pale kona. Kuku kavaa aproni, kofia kichwani, bawa moja kaliinua anaita wageni, na kando yake maandishi: "Karibuni kwetu!" Anacheka hadi meno yanaonekana. Kuku na meno wapi na wapi? Lakini mwenye duka alimpenda, akamweka ukutani, kwenye mifuko, mpaka kwenye fulana za wahudumu. Mtaa mzima ukaanza kumwita mume wangu Baba Kuku, naye anaitika.

Sasa kitinda mimba wetu, binti mdogo hata shule hajaanza, alikuwa na kuku wake wa kweli, Kidoti, aliyemlea tangu kifaranga. Mama mwenye nyumba hakumtaka. Eti anachakura maua yake, anachafua ngazi. Ama kuku atoke, ama tutoke sote. Basi ikawa kutwa kucha mama, Kidoti ataenda wapi. Mama, Kidoti atalala kwa nani. Siku hiyo nafua, povu mpaka viwikoni, maji ya bomba yanadondoka kwa kusuasua, anakuja tena na swali lile lile. Nikamjibu bila hata kugeuka:

"Mpeleke kwa yule kuku wa baba yako pale kona. Si anacheka tu siku nzima? Ana raha zake."

Jamani, mdomo huponza kichwa. Mtu mzima angejua nimechoka, napayuka. Mwanangu alimbeba kuku wake akaenda.

Aliporudi nilikuwa naanika. Mikono mitupu, uso unameremeta. Akanieleza kuwa mpishi amempokea Kidoti vizuri sana, kamsifu kwamba amenona, kauliza katumwa na nani, naye kasema mama. Mpishi sina la kumlaumu, watu humpelekea kuku kila siku. Nilitupa nguo kwenye beseni nikatoka mbio. Nikakuta manyoya ya madoadoa yameloa kwenye ndoo, bado yanatoa mvuke. Nikaketi pale pale kwenye kreti la soda.

Njia nzima nilijiapiza kusema ukweli. Lakini alikuwa ananisubiri mlangoni, akaniuliza kama Kidoti amepata rafiki. Nikasema amepata.

Mume wangu aliposikia, aliketi kitandani na viatu vyake, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyemchora yule kuku kicheko. Nikamwambia ndiyo, ni lako. Mungu anisamehe, niliona nafuu kumtwisha mwenzangu mzigo wote.

Asubuhi binti yangu alitoka kwenda kutangaza habari njema. Tukiwa kwenye chai, huyo anaingia na mtoto wa jirani, kamkumbatia bata wake. Mama mwenye nyumba hamtaki na bata pia. Wananiomba niwasindikize mpaka kona.

Nikaishiwa uongo. Nilichuchumaa mbele yao nikasema pale kuku huchinjwa wakaliwa, na Kidoti amechinjwa. Mtoto wa jirani akakimbia na bata wake. Wangu hakulia. Alimgeukia baba yake, aliyekuwa anaosha brashi.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Sasa mbona ulimchora anacheka?"

Mume wangu alihangaika na zile brashi. Mwishowe akasema watu hawanunui kuku mwenye huzuni.

Kisha mtoto akanitazama mimi.

"Na wewe, mama?"

Nikasema na mimi nilijua. Kumbe nilikuwa natamani alie, apige kelele, anitukane hata. Alikunywa chai yake ikaisha, akasuuza kikombe.

Jana wakati wa kulala nilimfunika shuka, nikamwambia mama anakupenda sana. Akanikazia macho.

"Kweli, mama, au unasema tu?"