Kidole cha Kufungulia Ramani

Njia ya mwongo ni ndefu. Kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Voi inapanda, inaambaa milima ya Taita, inashuka hadi ranchi ya Kishushe, na hufika kila asubuhi bila kuchelewa.

Namalwa aliijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa rubani. Asubuhi hiyo ya Julai alipiga magurudumu teke, akakinga mafuta kidogo kwenye chupa kuona kama yana maji, akafuta kinyesi cha nyani juu ya bawa. Kisha aliingia ndani akaibandika simu kwenye kioo cha mbele kwa kishikio chake cha mpira. Chombo cha ndege cha kuonyesha njia kilikuwa kimekufa tangu masika, na Alexander, meneja wa ranchi, alikataa kununua kingine.

"Simu si inashika setilaiti?" alisema. "Basi. Hata watu wa bodaboda wanaitumia."

Muinde, mlinzi wa ranchi, alipanda upande wa kulia, ambako mlango ulikuwa umeng'olewa ili bunduki ipate nafasi. Alifungua mkebe wa majani chai, akatoa kidole gumba cha binadamu, akakipangusa kwa suruali na kukibonyeza mgongoni mwa simu. Simu ikafunguka.

"Asante, Sylus," alisema, kama alivyosema kila siku, akacheka peke yake.

Kidole kilikuwa cha Sylus, kijana wa Mraru, na simu pia ilikuwa yake. Mwezi wa Mei alikuwa Kishushe na wenzake wawili wakichimba vito kwenye ardhi ambayo babu zao walilishia ng'ombe kabla haijaitwa ranchi. Namalwa aliambiwa apite chini, tena polepole, wachimbaji watishwe kidogo. Alipita chini. Aliishika ndege ikatulia kama meza, na Muinde akafyatua hadi risasi zikaisha. Wawili walikufa papo hapo. Sylus alitambaa akielekea kwenye simu yake, ndipo Muinde akamwambia Namalwa atue, akashuka, akajaza risasi nyingine, akammalizia shingoni. Greda liliwafukia katika shimo walilochimba wenyewe. Jioni redio ilitangaza kwamba walikanyagwa na ndovu.

Simu ya Sylus ilikuwa kubwa na mpya. Ya Namalwa ilikuwa imepasuka kioo. Kwa kuwa hii haikufunguka ila kwa kidole cha mwenyewe, Muinde alikibeba kidole.

Kidole hakikuoza. Kilibaki na joto, kama la mkono uliotoka kuosha vyombo, na ukucha wake ulikua, ikabidi Muinde aukate kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Shida ilikuwa moja tu. Namalwa akiandika Kishushe, ramani ilichora mstari wa zambarau hadi Mraru, nyumbani kwa Gertrude, mama yake Sylus. Akiufuta, ilichora tena. Mwishowe aliuacha. Alifuata reli, mashamba ya makonge na milima kwa macho yake, na simu akaitumia kujua kimo na mwendo, na kuona wekundu uliotokea kwenye ramani kila mlima ulipokuwa karibu.

Siku hiyo wachimbaji wengine walikuwa wamerudi shimoni. Muinde alikuwa na risasi za kutosha mfuko mzima.

"Leo uishike kama ile siku, madam," alisema. "Usinitikisie."

Hawakufika mbali. Ukungu ulishuka kutoka milimani, ukaifunika reli, ukayafunika makonge, kisha bawa la kushoto na la kulia. Namalwa hakuona chochote. Kwenye simu kila mahali paligeuka pekundu, isipokuwa palipopita ule mstari wa zambarau.

Hapo Sylus alipanda, kupitia mlango usiokuwapo. Alikuwa na udongo mwekundu masikioni na tundu shingoni. Alikaa kiti cha nyuma kando ya madumu ya maji, akafunga mkanda kwa mkono wenye vidole vinne, kazi iliyomchukua muda.

"Kata kushoto, dada," alisema. "Mbele ni mlima Mbololo."

Muinde aligeuka. "Wewe si tulikumaliza?"

"Mlinimaliza. Nimefuata kidole changu."

"Madam, usimsikilize. Huyu ni mwizi wa vito."

"Na wewe mwizi wa vidole. Kushoto, dada. Miti hiyo."

Muinde alimpiga risasi. Risasi ilipita kwenye tundu lile lile la shingo, ikatoboa bati la ndege na kwenda zake.

"Hiyo umeitupa bure," Sylus alisema.

Muinde alikubali kwamba ilikuwa bure. Akamwekea Namalwa mdomo wa bunduki kwenye kisogo. Chuma kilikuwa bado cha moto, ngozi ikachomeka, harufu ya nywele ikajaa ndani ya ndege.

"Kishushe," Muinde alisema.

Namalwa aliutazama mstari. Kisha alikata kushoto kwa nguvu zake zote. Muinde hakuwahi kufunga mkanda kwa sababu ulimzuia kulenga shabaha. Alirushwa juu, akapiga kichwa kwenye paa, na bunduki ikatoka mlangoni. Tawi la mti lilikwaruza tumbo la ndege. Sylus alihesabu mabonde kwa sauti ya chini, bonde hili la shangazi, bonde hili la shule, hadi ukungu ulipoisha na barabara ya Taveta ikaonekana chini yao.

Namalwa aliishusha ndege barabarani. Lori la ndizi kutoka Mahoo lilisogea kando, kama linavyopisha basi. Bawa la kulia lilikata nguzo ya stima. Gurudumu liling'oka, na ndege ikajikokota kwa tumbo huku cheche zikiruka. Muinde alipigiza kinywa kwenye simu. Meno yake mawili yalibaki kwenye kishikio.

"Umefika," simu ilisema.

Gertrude alitoka uani, alikokuwa akikata majani ya ng'ombe, na panga lake mkononi. Alimtazama mwanawe toka juu hadi chini, kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Umekawia."

"Nilikuwa Kishushe, mama."

"Kidole kiko wapi?"

Sylus alimwonyesha Muinde, aliyekuwa ameukumbatia mkebe. Gertrude alimwomba kwa adabu. "Nipe, baba. Siwezi kumzika nusu nusu." Muinde alimtemea damu, akamwita mchawi. Gertrude hakuomba tena. Panga lilikuwa butu kwa kazi ya asubuhi, ikabidi arudie na kurudia, na mkebe ulipoanguka mkono ulikuwa bado umeushika.

Sylus alichukua kidole chake, akajilaza kwenye kivuli cha nyumba, akawa maiti kama maiti wengine.

"Mama," Namalwa alisema, "ile siku ya Kishushe, mimi ndiye—"

"Najua," Gertrude alisema, akampa jembe. "Chimba."

Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Kaburi lilipofunikwa, Gertrude alinawa mikono, akapanda gari la polisi lililokuwa likimngoja. Wale wachimbaji wawili walibaki chini ya udongo wa greda. Walikuwa na simu ndogo za kubonyeza, zisizojua njia ya kwenda popote.

Wiki iliyofuata Namalwa aliitwa barazani. Alexander aliketi kando ya chifu, na Muinde kando ya Alexander, mkono wake umefungwa kitambaa cheupe. Walizungumza kwa kirefu juu ya ndege, nguzo na mkono. Juu ya Kishushe hakuna aliyeuliza.

"Binti," chifu alisema, "bwana meneja ni mtu mwema. Leseni yako hataigusa. Anataka uwaombe msamaha tu, yeye na Muinde. Neno moja, uende zako."

Ndege ilipita juu yao, mpya, ikielekea Kishushe. Upande wake wa kulia haukuwa na mlango. Wote waliingoja ipite, kama watu wanaongoja treni.

"Ile siku niliyoishika ndege ikatulia," Namalwa alisema, "hamkuniambia niombe msamaha."

"Hayo ni mambo mengine," Alexander alisema.

"Binti?" chifu alisema.

"Siombi."