Majina Yaliyokatwa Mbele

Urbano hakuwa mtu wa kukaa. Alichoma mkaa, akavua dagaa huko ziwani, akachunga ng'ombe wa watu, na shule aliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule. Uzeeni ndipo alipopata kazi ya kumtuliza: kuzunguka vijiji akiandika hadithi za kina mama wa Kifipa, zitoke kama kitabu wenyewe wangali hai.

Bibi Coleta wa Kaoze, kule bondeni, ndiye aliyemsumbua. Hadithi yake, ya binti aliyeficha mbegu za ulezi kwenye nywele, haikuanza bila majina. "Mimi Coleta nimeipata kwa mama yangu Josefina, naye kaipata kwa shangazi yake Monika." Kwao ndivyo ilivyokuwa: usipotaja ulikoipata, wasikilizaji wanainuka na kwenda zao, maana umewaletea kitu cha wizi.

"Sikupi mpaka uniahidi majina yatakaa mbele," alimwambia. "Ukitimiza, na wewe nitakutaja. Nitasema, naye Urbano kaipata kwangu."

Urbano, asiye na mke wala mtoto, akaahidi. Kutajwa kule alikutaka kuliko kitabu chenyewe.

Hadithi zilipokuwa za kutosha akazipeleka mjini, mtaa wa Majengo, kwa Vicent, mwenye duka la uchapaji. Vicent alizisoma amesimama, akacheka mpaka machozi. "Baba, niachie. Mavuno yakiisha uje uchukue kitabu." Siku zote alimwita baba, na kila Urbano akipita mjini, chakula alikula kwake.

Mavuno yakaisha. Urbano alikuwa stendi anakunywa chai aliposikia simu ya mama muuza chai ikisema: "Hapo kale palikuwa na binti mwenye nywele nyingi." Sauti ya kike, nyororo, haivuti pumzi. Hakuna Coleta, hakuna Josefina. Akaacha chai inatoa moshi, akaenda Majengo.

"Shikamoo baba."

"Acha shikamoo. Kitabu kiko wapi?"

"Kitabu nani ananunua siku hizi, baba? Karatasi imepanda, watu wote wako kwenye simu. Nimezirusha mtandaoni. Wafipa walioko Dar wanasikiliza, wengine wanalia kabisa!"

"Huyo mama anayesoma ni nani?"

"Siyo mama. Ni kompyuta."

"Na majina ya kina Coleta?"

Vicent akakuna kichwa. "Yale yanachosha, baba. Mtu asiponaswa mwanzoni anapita zake. Nikayakata. Lakini hadithi yenyewe si ipo, neno kwa neno?"

"Pale juu umeandika imetoka kwa nani?"

"Chaneli ni yangu, baba. Nimeweka jina langu."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Alisema hivyo bila haya, kama anayetaja bei ya kopi. Urbano akamtazama mtu aliyekula naye sahani moja.

"Yarudishe majina."

"Nikiyarudisha pale kwangu itasaidia nini? Watu wameshaipakua, wanarushiana."

Urbano akashuka bondeni siku ileile, akiomba Mungu afike Kaoze kabla ya ile sauti. Hakuwahi. Wajukuu walikuwa wameizunguka simu ya Kristiana, yule mkubwa wao, na Coleta alikuwa pembeni na ungo wa mahindi mapajani, mikono imetulia.

"Shikamoo, dada Coleta."

Coleta akanyoosha kidole, ngoja. Hadithi ikafika mwisho.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimesikiliza yote. Mwanzoni hakututaja, nikasema labda mwishoni."

"Nimesalitiwa, dada. Ni Vicent, yule wa uchapaji. Nilimwamini kama mwanangu."

"Vicent simjui. Mimi nilikupa wewe."

Akamwagiza Kristiana amletee mgeni uji, na uji ukaja, wa ulezi, umetiwa sukari. Hakuna aliyemfukuza. Kisha bibi akauweka ungo chini.

"Zimeni hicho. Sogeeni hapa." Watoto wakasogea. "Mimi Coleta nimeipata kwa mama yangu Josefina, naye kaipata kwa shangazi yake Monika. Na Kristiana, mjukuu wangu, kaipata kwangu."

Urbano akashika kikombe kwa mikono miwili, akangoja.

"Hapo kale," Coleta akasema, "palikuwa na binti."