Mtihani wa Karani

Mjukuu wangu tulimbandika jina la Karani kwa sababu ya karatasi. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Hata baada ya kustaafu kiwandani, chumba changu cha mbele kina meza ya kukunjia, kibano cha mbao, gundi na nyuzi, na wateja hawajaisha. Tangu alipoanza kutembea, mtoto huyo alikuwa akikaa chini ya meza na mabaki ya karatasi, akiyapanga kingo kwa kingo kwa unyoofu ambao vijana niliowafundisha kazi hawakuufikia. Rundo likikamilika alivuma kwa sauti moja ndefu kama feni, huku akichezesha vidole pembeni ya macho. Kisha alivuruga rundo na kuanza upya. Ulimwita hata mara kumi asigeuke. Alipotimiza miaka minne alikuwa na maneno kama ishirini.

Mimi niliona fundi. Mwalimu wake wa chekechea aliona kitu kingine, akampa binti yangu barua ya kliniki ya watoto na fomu ya maswali ishirini. Je, mtoto huitika akiitwa? Je, hutazama watu machoni? Je, hurudiarudia vitendo fulani? Barua ilitaka mtoto akachunguzwe usonji, yaani autism. Tarehe ilikuwa Alhamisi, wiki tatu mbele. Tukiikosa, tungesubiri miezi tisa, na kabla ya hapo angekuwa amekwisha kuingizwa darasa la awali la shule ya msingi, watoto hamsini na mwalimu mmoja asiyejua la kumfanyia.

Nilifungua kamusi yangu, ambayo nimeijalidi upya mara mbili, nikalisoma neno hilo. Maelezo yake yalikuwa mistari mitatu. Nikamwambia binti yangu kwamba mjukuu wangu haenei katika mistari mitatu, na kwamba nimefanya kazi ya vitabu miaka arobaini, najua jinsi lebo ikishabandikwa mgongoni haibanduki bila kung'oa ngozi.

Binti yangu anapokea simu katika kampuni ya bima. Kutwa nzima watu humfokea naye hujibu kwa upole, kwa hiyo si rahisi kumtoa kwenye mstari. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, alikwisha kusema kwa simu kwamba atakubali lolote atakaloamua mkewe.

"Baba, wewe unaishi naye saa ngapi kwa siku?" aliniuliza. "Asubuhi nikimvalisha soksi analia mpaka anatapika. Hilo nalo ni ufundi?"

Nikatafuta ujanja. Nikasema sawa, tutakwenda. Ila moyoni nilikata shauri kwamba Karani atafaulu.

Nilianza shule ya usiku nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikitoka kiwandani na gundi kwenye kucha. Vyeti vyangu vinne viko ukutani. Siri ya kuvipata haikuwa akili nyingi. Nilitafuta maswali mapema, nikayarudia mpaka mdomo ukajibu wenyewe. Sasa maswali ishirini yalikuwa mezani pangu, yamepigwa chapa vizuri kabisa. Mtihani gani tena uliowahi kuletwa nyumbani namna hiyo?

Kila alasiri, mama yake akiwa kazini, nilimkalisha Karani kwenye stuli mbele yangu. Mikono niliiweka chini ya mapaja yake ili isichezecheze. Nilimfundisha kutazama mzizi wa pua yangu, maana kwa anayetazamwa hauna tofauti na macho. Nikimwita, aseme "Naam, Babu." Nikimuuliza hali, aseme "Sijambo." Akijibu sawa nilisema "vizuri," nikampa kipande cha karatasi ya rangi, na hapo ndipo aliporuhusiwa kushuka. Bila "vizuri" hakuna kushuka. Wiki ya kwanza alipiga mayowe. Wiki ya pili aliacha. Nikavimba kichwa.

Shangazi wa mtoto, dada wa dereva, alikuja kutuona siku tatu kabla ya kliniki. Alikuja kuzuia safari. Alisema watu watauliza ugonjwa umetoka upande gani, na yeye ana mabinti wawili wa kuolewa. Kabla hajamaliza, nikamwita Karani.

"Naam, Babu."

"Msalimie shangazi."

"Shikamoo. Sijambo. Nina miaka minne."

Shangazi aliitikia shikamoo, akamkagua mtoto kama anayekagua noti, akacheka. "Mzee, kumbe mmeshamponya. Sasa kliniki ya nini?"

Binti yangu alikuwa mlangoni, ametoka kazini mapema. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. Nilidhani amefurahi.

Jumanne mteja aligonga katikati ya somo. Alileta madaftari ya kanisa yaliyonyeshewa mvua, na mimi nikipata wa kumweleza habari za uzi na gundi sina breki. Tulisimama barazani karibu saa nzima. Nilisikia binti yangu akiingia kwa mlango wa nyuma, kisha nikamsikia akimbembeleza mtoto, nikaingia.

Karani alikuwa bado kwenye stuli. Mikono chini ya mapaja. Macho yake yamekazwa hewani, pale pua yangu ilipokuwa. Stuli ilikuwa imelowa na mkojo unadondoka sakafuni, umefikia karatasi zake.

Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamwomba ashuke. Hakushuka.

"Anasubiri nini, Baba?"

Ilinibidi niseme. "Vizuri," nikasema, na mtoto akashuka.

Nilimweleza binti yangu yote, fomu, pua, mikono. Nilitegemea anifokee. Alikuwa anafuta sakafu.

"Shangazi yake alitaka tumfiche ndani ya nyumba," alisema. "Wewe umemficha ndani ya ngozi yake mwenyewe."

Nimeishi miaka sabini na moja nikijibu kila mtu. Safari hii nilichukua stuli, nikaitoa nje kuiosha.

Alhamisi tulikwenda watatu. Chumba cha kliniki kilikuwa na meza fupi, viti vya plastiki na kikapu cha vitu vya kuchezea. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimwita mtoto kwa jina lake. Karani akakaa, mikono chini ya mapaja, akamkazia macho kwenye mzizi wa pua.

"Naam, Babu," alimwambia daktari.

Daktari akatabasamu, akaandika. Akauliza hali, akajibiwa. Akaandika tena. Nilimwona binti yangu akifungua mdomo, nikamwahi. Kosa lilikuwa langu, na mdomo ninao.

"Daktari, futa," nikasema. "Mtihani huu umevuja. Nimeuvujisha mimi."

Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama, hata habari ya stuli. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Alivua miwani. Nilisubiri anifukuze, na nilikuwa nimejiandaa kutoondoka.

Aliniambia sikuwa babu wa kwanza kuvujisha, wala Karani hakuwa mtoto wa kwanza kukaririshwa majibu. Akachana karatasi yake, akavuta fomu mpya, akasema itachukua siku zaidi ya moja, na kwamba huenda mwisho wake neno lile likaandikwa kweli.

"Liandike likiwa ni lake," nikasema. "Ila uliandike juu ya mtoto mwenyewe, usiliandike juu ya somo langu."

Basi akatutaka tumweleze mtoto alivyokuwa kabla ya stuli. Mimi nikaanza na karatasi, binti yangu akanikatiza na soksi, tukabishana nani aanze. Karani alikwisha kushuka kitini bila kuambiwa na mtu, akaingia chini ya meza ya daktari.

Simu ya binti yangu ikaita, naye akanipa. Alikuwa shangazi, anauliza kama ni kweli tumekwenda. Nilitoka nayo kwenye korido, ambako akina mama zaidi ya kumi walikuwa kwenye mabenchi na watoto wao, wengine wamewafunika khanga usoni.

"Tuko kliniki," nikamwambia. "Mjukuu wangu anachunguzwa usonji. U-so-nji. Wakikuuliza umetoka upande gani, waambie upande wangu, na anwani wanaijua."

Akaniomba nipunguze sauti, watu wasisikie. Nikarudia tangu mwanzo.