Kilo Arobaini za Ernestine

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimetulia miaka sita katika gereji ya Adolphe pale Kinama, Bujumbura, na utulivu wangu umemfaa kila mtu isipokuwa mimi.

Naitwa Ernestine. Nilivuka kutoka Uvira, Kongo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, binti yangu Irène akiwa mgongoni, na mkononi nimeshika sanduku la chuma la marehemu baba. Baba aliitwa Murhula, alikuwa fundi magari Bukavu, na kila spana yake aliigonga herufi M ili isipotelee kwa wenzake. Katika kazi yetu kila fundi huja na spana zake. Gereji inakupa paa, jeki na matusi.

Gari lililonishinda pale kwa Adolphe sijaliona. Lakini mteja akija kuchukua gari lake, anayemkabidhi ufunguo ni Eddy, mpwa wa Adolphe, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye ovaroli yake haijui grisi. Kuna mama mmoja wa Kinindo, Adélaïde, nilimtengenezea giaboksi siku tatu nikiwa nimelala chini ya gari. Alipokuja alimpa Eddy mkono, akamshukuru, halafu akaniomba mimi maji ya kunawa. Nikamletea. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Basi mwezi wa nne Adolphe akatangaza kwamba anafungua gereji ya pili hukohuko Kinindo, kwenye magari ya wenye nazo, na kwamba mkuu wa gereji hiyo atachaguliwa kwa haki, mimi au Eddy. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka siku moja mteja aje, aniangalie mimi, aniulize mimi gari lake lina nini.

Haki yenyewe Adolphe aliitoa Japani. Huagiza magari yaliyotumika kutoka huko, na ana kichaa cha Super GT, yale mashindano yao ya magari: msimu mzima wa mbio, kuanzia Okayama mwezi wa nne hadi Motegi mwezi wa kumi na moja. Kwao ni mchana, kwetu ni saa moja asubuhi, Jumapili, saa ya misa ya kwanza. Kila mbio zilipofika, wafanyakazi wote tuliitwa ofisini kwake kukodolea macho televisheni. Mwaka huu mafuta yamekuwa adimu Bujumbura, watu wanaacha magari kwenye foleni ya kituo siku tatu, na sisi tuko pale tunatazama Wajapani wakichoma petroli kwa kuzunguka mahali pamoja. Hata hilo lilinitia hasira.

Jumapili mbio zao, Jumatatu mbio zetu. Adolphe alituletea magari mawili yenye ugonjwa mmoja. Atakayemaliza kwanza, na gari likawaka vizuri, ndiye mshindi. Mara nane, basi. Tukitoka sawa, yeye ndiye ataamua.

Sasa kule Japani wana sheria yao. Gari likishinda, mbio zinazofuata linaongezwa uzito, ili wengine nao wapate nafasi ya kulifikia. Adolphe aliipenda sheria hiyo mno.

"Ukishinda, kilo kumi," alisema, akichora kwa chaki ubaoni. "Na kilo kumi ni kifaa kimoja kinaingia mu kabati yangu, kinalala pale mpaka saison iishe. Règlement ni règlement."

Nilielewa palepale sheria ile ilikuwa inamtafuta nani. Nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo, sitalisukumia mtu mwingine.

Baada ya Okayama tulibadilisha klachi, nikamwacha Eddy kwa nusu saa nzima. Adolphe akaandika kilo kumi mbele ya jina langu, akachukua spana yangu ya kerekere, ile inayozungusha nati bila kuinuliwa. Baada ya Fuji ilikuwa pampu za mafuta, zile zinazoharibiwa na petroli chafu ya madumu, na hizo nazijua kwa kuzisikiliza tu. Kilo ishirini. Zikaenda soketi zangu ndefu. Eddy aliposhinda naye alipewa kilo zake, usidhani nilionewa peke yangu: Adolphe alimfungia kabatini kigoda chake cha kukalia.

Wateja walianza kunitania. "Mama Irène, uko na kilo ngapi leo?" Nilicheka nao. Nilifungua nati kwa spana ya kawaida pale ambapo ningetumia kerekere, nikachubuka vidole, nikarudi nyumbani Irène ananipaka mafuta ya ng'ombe mikononi na kuniuliza kwa nini nakubali. Mbio za Sugo zilipopita nilikuwa na ushindi mara nne na kilo arobaini. Kifaa cha nne kuchukuliwa ndicho kilichoniuma, ile spana ndefu ya kipimo, inayolia tik nati ikifikia nguvu uliyoipima. Baba aliinunua kwa mishahara ya miezi mitano. Hakuna nyingine pale gereji.

Irène, ambaye yuko sekondari, alinisomea sheria za Wajapani kwenye simu. Ndipo nikajua kilichobaki. Mbio moja kabla ya mwisho, uzito unapunguzwa nusu. Mbio za mwisho, unatolewa wote. Kila gari linashindana likiwa tupu, na aliye bora anaonekana.

Zamu ya Autopolis, ya saba, ilipofika nilimwomba Adolphe nusu ya vifaa vyangu. Akasema tutaona. Sikuona kitu, na Eddy akashinda. Tukawa nne kwa tatu, na akishinda ya mwisho tungetoka sawa.

Jumapili ya Motegi sote tulikuwa ofisini. Nilisubiri magari yapangwe, nikasimama mbele ya televisheni.

"Patron, mi niko na swali moja. Hizi gari zote leo haziko na uzito. Vifaa vyangu vinatoka lini?"

"Mama Irène, ile ni mambo ya Japani," alisema Adolphe bila kunitazama. "Hapa tuko Kinama."

"Miezi saba tulikuwa Japani, patron."

"Ondoka mbele ya tele."

Wanaume wanane mle ndani, hakuna aliyekohoa. Baadaye mzee Massoudi, mpaka rangi wetu, alinikuta bombani akaninong'oneza, "Wallahi, we ndiye uko na haki." Nikamuuliza kwa nini hakusema kule ndani. Akaanza kunawa miguu. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Adolphe.

Jumatatu zililetwa teksi mbili, Carina zote, gasketi za silinda hedi zimeungua. Moja ilikuwa ya Pontien, mteja wetu wa zamani, naye alisimama pembeni kuangalia. Hiyo alipewa Eddy. Nilifanya kazi kama niliyerogwa. Saa nane nilikuwa nimeshairudisha hedi, ule mfuniko wa injini, bado kukaza boliti, na hedi haikazwi kwa kukisia, ukikosea inapinda. Ilibidi nitumie mkono na masikio, polepole, boliti moja moja, na jasho linaniingia machoni.

Nikasikia mlio. Tik. Halafu tena, tik.

Mlio ule nimekua nao. Niliinua kichwa. Eddy alikuwa ameinamia Carina ya Pontien, na mkononi ana spana ndefu ya kipimo. Nikaenda hadi alipo. Kwenye mpini ilikuwepo M. Kwenye meza yake ilikuwepo kerekere yangu, M, na soketi zangu, M, M, M. Kabati la Adolphe lilikuwa wazi, ndani kimebaki kigoda.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Eddy alimtazama mjomba wake. "Tangu Fuji," akasema. "Patron ndiye alinipa."

Miezi yote ile nilikuwa nashindana na mikono ya baba yangu.

Nilimpokonya spana. Hakushindana nami, alikuwa ameogopa. Nikazunguka gereji nzima nikiokota kila chenye M: kwenye meza ya Massoudi bisibisi mbili, chini ya gari la Probox koleo, mfukoni mwa Eddy spana namba kumi na namba kumi na tatu. Sikujua kama gereji ile ilikuwa inakula kwangu kiasi kile.

"Weka chini!" Adolphe alitoka ofisini akipiga kelele. "Mashindano haijaisha! We unataka kupoteza Kinindo?"

"Msimu umeisha jana, patron. Motegi. Uzito unatoka wote."

Pontien alikuwa anaitazama injini yake iliyo wazi, boliti nusu zimekazwa, nusu zinacheza. "Sasa na gari yangu?"

"Uliza chef wa Kinindo," nikamwambia, nikimwonyesha Eddy, mkuu wao mtarajiwa, kwa spana.

Kwa hasira tu nililiweka sanduku kwenye mizani yetu ya vyuma chakavu. Kilo arobaini na moja. Nikafuta jina langu ubaoni, nikamwambia Massoudi anitwike. Alinitwika bila kuniangalia usoni. Nilifika nyumbani shingo haigeuki.

Kinindo ilifunguliwa, na mkuu wake ni Eddy. Mimi natengeneza magari mbele ya nyumba yangu, chini ya turubai, na siku nyingine hakuna linalokuja. Sitasema nimefurahi.

Juzi alikuja dereva na ujumbe. Gari la mama Adélaïde liko wazi kule Kinindo tangu Jumatatu, na Eddy anaomba spana ya kipimo, ataitumia saa moja tu.

"Mwambie ile spana haiendi mahali bila mi," nikamjibu. "Na mi siendi."