Kanuni ya Tisa ya Hannibal Tregenza

Keziah Hosking alisema Hannibal Tregenza alirudi kutoka Adelaide Jumamosi ile ndani ya behewa la daraja la kwanza, goti kwa goti na meneja wa mgodi, wakila kuku kutoka kikapu kimoja. Alisema Hannibal alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso ya meneja. Gari moshi liliposimama, wachimbaji ishirini na zaidi waliokuwa wakingoja stesheni walimgeuzia migongo kwa mpigo mmoja, kama askari kwenye gwaride. Na yeye, mtu asiye na haya, akaivulia kofia migongo ile na kusema, "Habari za mchana, ndugu zangu."

"Uliyaona kwa macho yako, shangazi?" Thirza aliuliza. Keziah alikuwa jirani tu, shangazi wa heshima; Thirza alikuwa upande wake wa ua, anaanika mashati ya baba yake huyohuyo Hannibal.

"Sikuyaona. Nimeambiwa na mke wa Nankivell, naye kaambiwa na mtu asiyesema uongo."

"Nani huyo?"

"Hakunitajia." Keziah alikung'uta foronya. "Mpanda ngazi hushuka, mwanangu. Sisi watu wa mgodini ndio tunaozijua ngazi."

Thirza hakubishana. Alikuwa amelisachi koti la baba yake kabla ya kulipiga brashi, akakuta kipande cha tiketi ya daraja la pili na ganda la mkate, wala haukuwamo hata unyoya wa kuku. Lakini ile habari ya kofia aliiamini. Hiyo ilikuwa tabia ya baba yake hasa.

Hannibal Tregenza aliingia mgodini ng'ambo, kwao Cornwall, akiwa na miaka tisa. Alipofika mgodi huu wa Wheal Tamsin na mkewe, wachimbaji wa shaba hapa walikuwa wakipangiwa ujira kama mbuzi mnadani. Yeye ndiye aliyewakusanya. Yeye ndiye aliyefungua tawi la Chama cha Wafanyakazi katika ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa, akaandika kanuni zake kwa mkono wake kwenye daftari jeusi. Kutoka hapo akaenda bungeni, na miaka minane baadaye akawa kiongozi wa Chama katika jimbo zima. Picha yake ilitundikwa ukumbini juu ya jiko, ndevu zimechanwa, na watoto walidhani ni nabii.

Kisha vita vikaja, na mwaka wa tatu serikali ikataka ruhusa ya kuwalazimisha vijana kwenda. Chama kilikataa. Nchi nzima ikapiga kura, ikakataa kwa tofauti ya kura chache. Hannibal alisimama jukwaani akasema ndiyo. Alisema ndiyo kwa sababu ya barua ya Jabez, mwanawe, kutoka Ufaransa: *Baba, katika kundi letu tumebaki kumi na mmoja na hakuna anayekuja kutupokea zamu.* Zamu kwa mchimbaji si neno la mchezo. Mtu hakuachi chini ya ardhi zamu yako ikiisha.

Sasa ilikuwa Februari, upepo wa kaskazini unaunguza macho, na Chama kimepasuka katikati kama gogo. Wakubwa wa Chama kule Adelaide walikuwa wamesema: tawi lake likimkubali, abaki, likimkataa, hana Chama tena. Jumanne tawi lingeamua.

Thirza alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliacha shule akiwa na kumi na miwili, mama yake alipofariki, akashika nyumba. Hakuwa msemaji, lakini alikuwa mwanachama mwenye kura kama wengine, na mikutanoni alikaa nyuma akiangalia miguu. Tawi lile halikupiga kura kwa mikono. Baba yake alisema zamani, mkono unaweza kujificha nyuma ya kofia ya mtu, miguu haiwezi. Ulichorwa mstari wa chaki katikati ya sakafu, na kila mtu akatembea upande wake mbele ya majirani. Kwa hiyo Thirza aliwajua wote kwa viatu vyao. Kwa siku nne alikuwa akihesabu kichwani. Ishirini na tisa kwa baba, pamoja na yeye mwenyewe. Thelathini dhidi yake. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Keziah.

"Shangazi," alisema. "Jumanne. Ukija upande wetu zitalingana. Zikilingana, ataamua mwenyekiti, Absalom Rowe, naye alikuja na baba meli moja."

Keziah hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Unajua kutoka mlango wenu mpaka wangu ni hatua ngapi?"

"Tisa."

"Tisa. Miaka mitatu baba yako alizipita hizo hatua tisa akitazama paa la kanisa."

Thirza alijua. Wakati wa mgomo mkubwa alikuwa mtoto, lakini mtoto wa kutazama. Mtoto wa Hosking aliugua koo, na daktari wa mgodi hakuona watoto wa waliogoma. Nicholas, mume wa Keziah, akauvunja mgomo, akashuka kazini siku nne ili daktari aje. Daktari alikuja, mtoto akafa vilevile, na tawi likamtoa Nicholas. Aliyetolewa haamkiwi, hajibiwi, wala habebwi akifa. Ndivyo ilivyoandikwa. Nicholas aliishi miaka mitatu katika kimya hicho, na alipokufa alikwenda makaburini kwenye mkokoteni wa muuza maziwa.

"Mama yako, Mungu amrehemu, kila Ijumaa aliweka pasti, ule mkate wa kujazwa wa wachimbaji, juu ya nguzo ya ua," Keziah alisema. "Ya nyama na viazi, na pembeni ameandika kwa unga herufi za Nicholas, kama anavyoandikiwa mwanamume yeyote anayekwenda kazini. Hakusema neno, kwa hiyo hakuvunja sheria. Baba yako alidhani zinaliwa na paka."

"Basi kwa ajili ya mama."

"Hata nikija, mwanangu, haitasaidia kitu." Keziah akachukua beseni lake akaingia ndani.

Thirza alidhani ni uchungu tu uliosema hivyo.

Jumanne jioni jua lilikuwa bado linachoma mabati walipoingia ukumbini. Hannibal alikwenda kukaa kiti cha mbele alichozoea, akakuta kimewekewa ndoo ya mchanga. Akasimama. Hakuna aliyeiondoa. Thirza akaenda, akaibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni, na njia nzima alisikia viatu vikijivuta kumpisha.

Absalom Rowe, mwenyekiti, mzee mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto, aligonga meza.

"Ndugu Hannibal, sina hotuba. Sema tu utafuata msimamo wa Chama. Sentensi moja. Tufunge kikao tukanywe chai."

"Unanijua, Absalom."

"Nakujua, ndiyo maana nakuomba."

Hannibal akatoa barua ya Jabez, karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Hakuhitaji kuisoma. "Wamebaki kumi na mmoja. Wako shimoni na juu hakuna anayeshuka kuwapokea. Nani humu amewahi kumwacha mwenzake chini?"

Thirza alianza kuona viatu viwili vitatu vikisogeasogea. Ndipo Dick Nankivell akainuka, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, lakini safari hii alisema polepole.

"Mimi nina mapacha, Hannibal. Wewe ndiye uliyesimama nao kanisani wakibatizwa. Mwezi uliopita wametimiza miaka kumi na tisa. Nikupe yupi?"

Hannibal alifungua mdomo.

"Taja jina tu," Nankivell alisema. "Wote wawili wanakujua. Wanakuita babu."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mkatie kuku, ndipo atasema!" Wachache wakacheka, kicheko kisicho na furaha, kikafa. Thirza alimtazama baba yake, mtu aliyewahi kuongea kwa saa tatu nzima juu ya gari la makaa huku mvua ikinyesha. Alikuwa akiikunja barua, anaikunjua, anaikunja.

"Siwezi kusema nisichokiamini," alisema mwisho. "Basi."

Absalom alifumba macho. "Haya. Tembeeni."

Mtu anayeamuliwa hatembei, na mwenyekiti hatembei. Hao wengine waliinuka. Thirza alivuka wa kwanza, akasimama karibu na baba yake na kuanza kuhesabu viatu vikija. Vya fundi pampu, vilivyoshonwa kwa waya. Vya mjane Penberthy. Vya mwalimu wa kwaya. Hakukosea hata mmoja. Ishirini na tisa huku. Kule thelathini, na Nankivell mbele yao akitazama chini.

Keziah Hosking alikuwa bado amekaa kwenye benchi lake, mikono mapajani.

"Mama Hosking," Absalom alisema kwa upole, "lazima utembee."

Keziah akainuka. Alikwenda mpaka kwenye mstari wa chaki, akasimama kama mtu anayetazama kina cha maji. Kisha akavuka, akaja kusimama upande wa Hannibal Tregenza, nyuma ya bega la Thirza. Alinukia sabuni na wanga.

Thirza alimshika mkono akaubana. Thelathini kwa thelathini! Alitaka kucheka, alitaka kupiga magoti palepale. Akageuka kumwangalia baba yake ili washirikiane furaha, na akamwona anavua kofia.

Alikuwa ameshajua. Kabla Absalom hajalivuta lile daftari jeusi, kabla hajalamba kidole na kufunua, Hannibal alikuwa amekwisha kuvua kofia na kuiminya kifuani.

"Kanuni ya tisa," Absalom alisoma. Mwandiko alikuwa akiujua, ulikuwa wa Hannibal. "Kura zikilingana juu ya ndugu aliyeshtakiwa, mwenyekiti asiamue. Ndugu huyo atoke. Tusibaki na mtu ambaye nusu yetu hatumwamini."

Wengi hawakuwa wakiikumbuka. Ilitumika mara moja tu, miaka kumi na mitatu nyuma, usiku alipotolewa Nicholas Hosking. Walilingana usiku ule pia.

Thirza aligeuka. "Ulikuwa unajua."

"Nimeishi nayo," Keziah alisema. "Sikutaka atolewe kwa mguu wangu. Atolewe kwa mkono wake."

Absalom akafunga daftari. Akamtazama rafiki yake wa meli moja, midomo ikicheza, Thirza akidhani atasema neno, hata la kwaheri. Lakini kanuni ilikuwa imekwisha kusomwa. Yule mzee akageuza uso akatazama dirisha, na mmoja mmoja watu wote, wa kule na wa huku, wakatazama dirisha.

Asubuhi walikuta picha ya ukumbini kizingitini, uso umeelekezwa ukutani. Hannibal aliipita, akavaa kola safi, akatoka. Thirza alimfuata kwa mbali, kikapu mkononi, kama anayekwenda sokoni. Pale kwenye nyumba ya pampu, boriti kubwa ya mtambo ikipanda na kushuka, Hannibal alimsalimu fundi aliyekuwa upande wake jana. Fundi akainama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa. Alimsalimu mjane Penberthy. Alimsalimu muuza maziwa. Alimwita mmoja wa mapacha wa Nankivell kwa jina lake la utotoni. Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni, akavuka barabara. Thirza alihesabu watu kumi na wanne. Kila mmoja baba yake alimvulia kofia.

Nyumbani alikaa mezani, akaweka mbele yake karatasi ya kumwandikia Jabez. Akaandika tarehe. Thirza aliosha vyombo viwili kwa muda wa vyombo ishirini, na alipogeuka, karatasi ilikuwa na tarehe tu.

"Mimi nitasema na wewe, baba," alisema. "Kanuni hainihusu mimi. Na ikinihusu, nitawarudishia kadi yao."

"Usirudishe kadi." Sauti yake ilikuwa ikikwaruza kama ya mtu aliyekunywa vumbi. "Wewe baki humo. Mtu mmoja wa nyumba hii abaki humo."

Akainuka. Thirza alidhani anakwenda kulala, lakini alitoka mlango wa nyuma, bila kofia safari hii. Thirza alisogea dirishani.

Upande wa pili wa ua Keziah alikuwa anaanika shuka. Hannibal alitembea zile hatua tisa, akazitembea taratibu, akafika kwenye nguzo ambayo mkewe alikuwa akiweka pasti. Akaishika kwa juu kwa mikono miwili. Jua lilikuwa kali, na Thirza aliona jinsi nywele zilivyokuwa zimemtoka utosini, jambo ambalo kofia ilikuwa ikilificha.

"Keziah," alisema. Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake tangu mgomo.

Shuka ilipepea. Mwanamke yule hakuiacha.

"Sikuja kuomba msamaha, sijui nianzie wapi. Nimekuja kuuliza. Nicholas. Asubuhi akiamka, anajua hakuna atakayemwambia kitu mpaka jua lizame. Alikuwa akifanyaje? Alianza na nini? Nifundishe, Keziah. Nifundishe hiyo asubuhi moja tu."

Keziah alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Alitoa kimoja, akakibana kwenye shuka, akabaki na kingine mdomoni; akikitoa hicho, itambidi aseme.