Risasi Isiyotoka kwenye Bunduki

Kwaru. Kwaru-kwaru. Halafu kimya.

Alfajiri ilikuwa bado giza, na baridi ya Julai ilikuwa imepenya kwenye mbao za nyumba. Nilimgusa Brodie begani.

"Umesikia?"

"Posamu," akasema bila kufungua macho. "Yuko darini. Lala, mke wangu."

Hapa mjini Ipswich kila dari ina posamu wake, mnyama wa usiku mkubwa kama paka, na kila mume ana jibu hilohilo. Nikalala. Ule ulikuwa mwaka wetu mzuri. Tulikuwa tumenunua nyumba ya zamani ya mbao, iliyoinuliwa juu ya nguzo, na Brodie alikuwa akiipiga msasa mwenyewe kila Jumamosi, redio ikitangaza mpira. Mimi, niliyemaliza digrii kwa masomo ya jioni huku nikinyonyesha, nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili ya uchunguzi wa ushahidi wa jinai.

Jambo moja tu lilininyima raha. Binti yetu Orla alikuwa akikaribia miaka mitatu, na maneno yake yalikuwa yanapungua badala ya kuongezeka. Wakati wa Krismasi aliniambia, "Mama, njoo uone ndege." Sasa alinivuta mkono tu, akanyoosha kidole.

"Kamfuata babake huyo," mama mkwe wangu, Noreen, alisema. "Brodie naye alikuwa bubu mpaka alipotaka baiskeli."

Tukacheka. Lakini mimi usiku nilikuwa nikiyahesabu yale maneno yaliyobaki.

Maabara yetu ina desturi yake. Kabla hujagusa ushahidi wa mtu, unatoa kwanza uchafu wako mwenyewe. Unabandika utepe wa gundi kwenye nguo zako, unaubandua, unauweka kwenye hadubini kubwa ya elektroni, ili vumbi la kwako lisije likamfunga mtu asiye na hatia. Zamu yangu ilipofika nilibandika utepe kifuani, pale Orla anapopenda kulaza kichwa.

Skrini ikajaa nukta nyeupe.

"Risasi," alisoma Sanjeev, mwenzangu wa meza moja. "Na bariamu, kama kwenye moshi wa bunduki. He! Dada, umempiga nani?"

"Mumewe!" mwingine akadakia. "Kaeni macho, hajaonekana tangu Jumamosi!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, nikacheka kuliko wote.

Daktari Vasiliki, mwalimu wetu, hakucheka. Alisogea karibu na skrini. "Punje za bunduki huyeyuka kwa moto zikawa za mviringo," alisema. "Hizi zina kingo. Zimekwanguliwa." Akanigeukia. "Nyumba yenu ni ya lini?"

"Ya zamani. Ya enzi za babu zake Brodie."

"Na nani anapiga msasa?"

Mikono yangu ilikuwa bado iko juu. Nikaishusha.

"Hiyo ni risasi ya kwenye rangi, yale madini yenyewe, mpenzi," alisema polepole. "Zamani waliichanganya humo. Una mtoto mdogo, sivyo?"

Kwenye maegesho nilivua lile sweta, nikalitia kwenye mfuko wa ushahidi, nikaendesha gari nikiwa na fulana tu. Tulikuwa tumesoma hata ladha ya hiyo risasi: ina utamu kidogo. Na tulikuwa tumesoma inavyouharibu ubongo wa mtoto, hata maneno yakampotea.

Brodie alikuwa jikoni akigeuza soseji, shati lake la kazi limejaa vumbi jeupe.

"Orla yuko wapi?"

"Chumbani kwake. Kulikoni, umeona jini?"

"Vua hilo shati. Litupe nje. Vumbi lake ni sumu, Brodie. Rangi ya nyumba hii ni sumu."

"Acha mambo yako ya darasani! Babu yangu kapiga msasa maisha yake yote, kafa ana miaka tisini, tena kwa kuanguka kwenye mashua—"

Kwaru. Kwaru-kwaru.

Brodie aliinua macho kutazama dari. Mimi nilitazama ukuta wa chumba cha mtoto.

Tulipoingia, Orla alikuwa amesimama kitandani, nyuma ya pazia, ameshika kizingiti cha dirisha kwa mikono yote miwili. Alipotuona alitabasamu, na kwenye mdomo wa chini kulikuwa na magamba meupe ya rangi. Ubao ulikuwa umeliwa. Niliziona alama za meno, safu kwa safu, zenye lile pengo dogo la katikati ambalo nimelibusu mara ngapi sijui. Nimefundishwa kusoma alama za meno. Sikuhitaji hadubini.

Brodie alikaa chini sakafuni. "Nilisema ni posamu," alisema. "Kila siku nilisema ni posamu."

Damu ya Orla ilipopimwa, daktari wa watoto alitupigia simu mwenyewe badala ya kumwachia muuguzi. Kiwango kilikuwa juu. Tumtoe kwenye nyumba ile siku ileile. Tumpe maziwa, nyama, mboga za majani.

"Na maneno yake?" niliuliza.

"Hilo siwezi kukuahidi, mama."

Tukahamia kwa Noreen na masanduku mawili. Niliogopa kumwita Orla jina, nisije nikaona hageuki. Niliogopa kimya chake wakati wa kula. Nilimsemesha nikimvisha, nikimwogesha, nikimchana nywele. Niliuliza, nikajijibu mwenyewe, kama mtu anayezungumza na simu iliyokatika. Brodie alikuwa akitoka nje nikianza.

Wiki zilipita hivyo. Asubuhi moja Noreen alikuwa akipaka siagi mkate, na mimi nilikuwa nimeinama nikitafuta viatu vya mtoto niwahi kliniki. Kimoja nilikipata. Cha pili sikukiona, nikaanza kugomba peke yangu, maana siku ile tulikuwa tunakwenda kupimwa tena.

Orla alinishika shavu, akanigeuza uso kuelekea chini ya meza.

"Mbwa wa bibi amelalia kiatu changu."